Hilux ya dizeli ya 1996 inauzwa, Moshi: maswali mnayoniuliza kila siku

Tangazo lina wiki ya tatu sasa na simu hazikatiki. Wengine mnapiga saa nne usiku. Wengine hata shikamoo hakuna, mnaanza moja kwa moja na "mzee, bei ya mwisho?" Nimeona niyaweke majibu yote mahali pamoja. Yamekuwa marefu, lakini mimi ni mstaafu, muda ninao, na afadhali usome kwanza kuliko kupanda hadi kwangu Kirua halafu ukaniambie ulidhani ni dabo kabini.

Ni gari gani hasa?

Toyota Hilux LN106, ya mwaka 1996, nyeupe, milango miwili, bodi ndefu nyuma. Injini ni 3L ya dizeli, silinda 4, haina tabo. Gia tano za mkono, foo wili ya kuingiza kwa mkono.

Hapo kwenye 3L wengi mnateleza. 3L ni jina la injini tu, ujazo wake ni cc 2,779, yaani lita 2.8. Ndugu yake mkubwa, 5L, ndiye mwenye karibu lita 3, na mdogo wake 2L ana lita 2.4. Kuna kijana alinikatalia kabisa kwenye simu, akasema namdanganya ujazo. Aje asome kadi.

Springi ni za vyuma vilivyopangwa, mbele na nyuma, ekseli ya mbele ni ya moja kwa moja. Kwa hiyo ikiwa tupu kwenye matuta inarusha, sikufichi. Ukiiwekea gunia nane za mahindi inatulia kama imelazwa.

Umekuwa nayo muda gani, na kabla yako ilikuwa ya nani?

Nimeinunua 2007 kutoka shamba moja la kahawa upande wa Usa River. Hapo ilikuwa na kilomita 128,000. Tangu siku hiyo imeendeshwa na mimi, na mwanangu wa kwanza alipokuwa likizo. Haijawahi kukodishwa, haijawahi kupeleka watu msibani wakiwa wamejaa nyuma. Kazi yake kubwa imekuwa ile wanayoifahamu Wachaga wote wenye ng'ombe wa ndani: kuteremka tambarare, kupakia mabua na majani, kupandisha kihambani, yaani shamba la nyumbani huku mlimani. Mara mbili kwa wiki, miaka nenda miaka rudi. Msimu wa mavuno mahindi, Jumamosi ndizi za sokoni.

Imetembea kilomita ngapi? Odometa haijarudishwa?

Inasoma 341,000 na ushee. Najua namba hiyo inawatisha waliozoea matangazo ya gari la miaka ishirini na tano lenye kilomita 90,000. Hayo mimi siyaulizi yametokea wapi.

Ushahidi wangu ni kauntabuku mbili. Kila nilipomwaga oili niliandika, na risiti nilizibana humo humo. Nikifungua ukurasa wowote, mfano huu hapa: "12/8/2016. Km 236,410. Oili 15W-40, filta ya oili, filta ya dizeli. Bushi za springi nyuma, 4. Fundi amesema breki za nyuma ziangaliwe mwezi wa kumi." Ukurasa unaofuata, mwezi wa kumi, breki zimeangaliwa. Oili namwaga kila kilomita 5,000, bila kungoja ya tano na nusu.

Kauntabuku zote mbili zinaenda na gari. Ningependa kubaki nazo kwa kumbukumbu, ila mke wangu anasema ni sawa na kumuoza binti ukabaki na cheti chake cha ubatizo.

Injini imewahi kufunguliwa?

Chini haijafunguliwa. Hedi, yaani kichwa cha injini, imeshuka mara moja, 2013. Nilikuwa napandisha mahindi kutoka Himo, hosi ya juu ya rejeta ikapasuka. Niliona mvuke kabla geji haijafika kwenye nyekundu, nikaizima papo hapo katikati ya mlima, nikakaa juu ya magunia saa tatu nzima nikisubiri fundi. Watu walipita wakaniambia "mwagia maji mzee, twende". Sikumwagia. Injini ikiwa imechemka, ukiitia maji ya baridi unaialika hedi ipasuke. Fundi alipokuja aliibadilisha hosi, lakini moyo wangu haukutulia, wiki ile ile nikaiteremsha hedi ikapimwe. Ikaonekana imenyooka. Tukaweka gasketi mpya, tukarudisha.

Pampu ya dizeli na nozeli zilitengenezwa 2019. Nilijaza mafuta kwenye kituo kimoja, sitakitaja, na dizeli ile ilikuwa na maji. Pampu za injini hizi zinalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, hazina oili nyingine. Maji hayalainishi kitu. Mafuta ya taa nayo yanalainisha vibaya, ndiyo maana zile enzi za uchakachuaji, kabla serikali haijapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011, mafundi pampu walikuwa na kazi mchana na usiku. Tangu 2019 nafungua kile kikoki cha chini ya filta ya dizeli kila mwezi, namwaga kidogo kwenye chupa ya wazi, naangalia. Ukinunua, endelea na tabia hiyo.

Taimingi belti je?

Swali zuri, na ni watu wawili tu kati ya wote mliopiga mmeliuliza. Injini hii inatumia mkanda, na muda wake ni kilomita 100,000. Ukikatika, vali zinagongana na pistoni, hapo umekwisha. Toyota waliweka taa kwenye dashibodi imeandikwa T-BELT, inawaka muda ukifika. Tatizo ni kwamba taa hiyo inaweza kurudishwa kwa kuhamisha skrubu nyuma ya dashibodi bila mtu kugusa mkanda, na kuna mafundi ambao hawaoni aibu. Au balbu inang'olewa. Kwa hiyo ukienda kuangalia dizeli yoyote ya namna hii, yangu au ya mwingine, usiulize kama taa inawaka. Uliza mkanda ulibadilishwa lini na risiti iko wapi.

Wangu umebadilishwa mara ya mwisho kwenye kilomita 302,000, pamoja na puli yake. Mkanda wa zamani ninao kwenye stoo kama mnataka kuuona.

Inatoa moshi?

Gari la Moshi litakosaje moshi? Natania. Asubuhi ya baridi inatoa mweupe kidogo, dakika moja hivi, halafu inakauka. Ukikanyaga ghafla mlimani utauona mweusi kidogo nyuma. Huku juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inavuta hewa hiyo hiyo iliyopo, kwa hiyo dizeli inazidi hewa. Ukiteremka Moshi mjini ule mweusi unapungua.

Wa kuogopa ni wa bluu. Huo ni oili inaungua, ringi au mipira ya vali imechoka. Yangu haina. Na mweupe unaoendelea hadi injini ipate moto, wenye harufu ya dizeli mbichi, maana yake nozeli au hita plagi. Yangu hita plagi zote nne nimeweka mpya mwaka jana, kwa sababu Julai huku kwetu ukungu unakaa hadi saa tatu na dizeli haina cheche ya kuisaidia, inategemea joto tu.

Nikija kukagua nije saa ngapi?

Saa kumi na mbili asubuhi. Saa moja ikizidi sana. Najua ni mapema, ila ndiyo saa pekee ambayo dizeli haiwezi kudanganya. Muuzaji mwenye jambo la kuficha atakuambia uje saa tano, na ukifika utaikuta "nimetoka nayo dukani sasa hivi". Injini ya moto inawaka hata ikiwa imechoka.

Ukifika, hata chai tutakunywa baadaye, kwanza weka kiganja kwenye boneti. Iwe baridi. Fungua mfuniko wa rejeta kabla ya kuwasha, angalia maji: yawe na rangi yake ya kulanti, yaani dawa ya rejeta, yasiwe na utando wa oili juu. Vuta stiki ya oili. Usishtuke ikiwa nyeusi, oili ya dizeli inakuwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa. Ikiwa na rangi kama chai ya maziwa, hapo rudi nyumbani, maji yameingia.

Kisha geuza swichi nusu, subiri taa ya hita izime yenyewe, piga stata. Isizidi sekunde mbili tatu. Ikiwaka, fungua mfuniko wa oili pale juu, upindue, uuweke juu ya tundu lake. Ukitetemeka pale pale, sawa. Ukirushwa pembeni na mvuke ukatoka kama sufuria ya makande, injini inapumua, yaani mgandamizo unavuja kupita kwenye ringi. Fanya hivyo kwangu, sitakasirika.

Halafu tutaiendesha. Tuteremke hadi Himo, tupakie kitu, tupande tena. Mlima ule ndiyo hospitali ya rejeta na klachi. Tukiteremka nitakuomba ushuke na gia ya pili au ya tatu, usikanyage breki mwanzo mwisho. Namwangalia dereva pia.

Njoo na fundi wako. Usije na fundi niliyekuchagulia mimi.

Ina ubovu gani?

Haya, na haya nawaambia bila kuulizwa:

Gia ya pili inasaga kidogo ikiwa baridi. Ukingoja kilomita mbili inaingia vizuri. Imekuwa hivyo miaka mitano.

Difu ya mbele inatoka jasho la oili kwenye sili. Haidondoshi.

Kioo cha mbele kina ufa wa kiganja kimoja upande wa abiria, jiwe la lori, barabara ya Same.

Sakafu ya bodi ina kutu mahali palipokuwa panakaa majani mabichi na, nitasema ukweli, mbolea. Samadi inakula bati kuliko mvua. Nimeikwangua na kupaka rangi, lakini utaiona. Chesesi yenyewe ni nzima, piga nyundo ndogo popote usikie mlio. Hii ni faida ya gari lililoishi huku bara, mbali na chumvi ya Tanga na Dar. Wanaotoka Longido au Engaruka na wanaobeba magadi wanajua ninachosema.

AC haikuwahi kuwepo. Redio ipo, inashika stesheni mbili.

Inakula mafuta kiasi gani?

Tupu, barabara ya lami, kilomita 10 kwa lita ukienda 80. Ukiwa na mzigo na mlima, 7 au 8. Ukitaka kwenda nayo 120 utaumia wewe na mafuta.

Foo wili inafanya kazi?

Ndiyo. Lakini lazima ushuke uzungushe zile nobu mbili kwenye tairi za mbele ziende LOCK, ndipo uvute kile kilever kidogo cha pembeni. Kuna mnunuzi alinisumbua matopeni nusu saa, anavuta lever, gari haitoki, akasema foo wili imekufa. Hakuwa ameshuka.

Spea zinapatikana?

Kuliko za gari jipya. Arusha, Moshi, hata Himo utapata filta, mikanda, klachi. Shida ni feki, hasa filta ya oili na mkanda. Ukiona boksi jipya kwa bei ya nusu, muulize muuza duka kama yeye angeliweka kwenye gari lake.

Gari la mwaka 96, namba A, kwa nini bei hiyo?

Herufi ya namba inaonyesha lilisajiliwa lini hapa Tanzania, haisemi lilitengenezwa lini. Gari la zamani likiteremka bandarini miaka mingi baadaye linapewa namba ya siku hiyo. Kwa hiyo "namba D" ya mtu inaweza kuwa na umri mkubwa kuliko namba A yangu. Watu wanalipa herufi.

Na kuleta pikapu ya zamani kama hii kutoka nje sasa hivi, kodi pamoja na ushuru wa uchakavu vinakupandishia hadi unajiuliza kwa nini hukununua ya hapa. Halafu jaribu kupata dizeli isiyo na kompyuta. Hii ikizima porini Simanjiro, fundi wa kijijini mwenye spana ya 10, 12 na 14 anaiwasha.

Bei ya mwisho?

Milioni 16. Maongezi yapo, ila yapo ukiwa umesimama mbele ya gari. Kwenye simu hayapo. Anayeniambia "nina milioni tisa keshi sasa hivi" namtakia safari njema.

Januari msinitafute mkidhani nitakuwa nimekwama na ada za shule. Wanangu wamemaliza. Desemba, watu wakirudi Kilimanjaro kwa sikukuu, ninaweza hata kupandisha.

Unapokea malipo kwa awamu? Au tubadilishane na gari dogo uongeze?

Hapana, na hapana. Jirani yangu aliuza Canter kwa awamu tatu huku akishikilia kadi. Ya kwanza ililipwa. Alipoifuata Canter baada ya miezi saba, alirudishiwa ikiwa na giaboksi ya gari jingine.

Gari dogo ninalo, nimeletewa na wanangu.

Mimi ni dalali, nina mteja.

Karibu. Ukimleta mnunuzi tukamaliza, nakupa laki tano mbele yake, akiona. Nisichotaka ni cha juu. Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja kutoka Arusha na dalali wake, tukaongea vizuri, kisha wakati mteja amelala chini ya gari anaangalia chesesi, dalali akaninong'oneza: "Mzee, useme kumi na tisa, yako kumi na sita iko pale pale." Nikamjibu kwa sauti ya kawaida. Yule aliyekuwa chini ya gari akasikia. Hawakuzungumza tena hadi walipoondoka.

Karatasi zikoje?

Kadi halisi ninayo na ina jina langu. Haina mkopo. Faini za trafiki unaweza kuangalia mwenyewe kwenye mfumo wa polisi kwa kuingiza namba ya gari, nami nimeangalia asubuhi hii, hakuna. Ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 ikahamia kwenye mafuta, kwa hiyo mtu asikutishe nayo. Bima ni ndogo na ina jina langu. Siku utakayonunua, kata ya kwako kabla hujawasha.

Utaratibu wangu ni huu. Tunaandikishana mkataba wa mauziano kwa wakili Moshi mjini, vitambulisho vya wote, shahidi wangu ni mke wangu, wewe uje na wako. Uwe na TIN. Kisha tunaanza uhamisho wa umiliki TRA siku hiyo hiyo. Kuna ada ya uhamisho, ya kadi mpya, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani. Hizo ni zako mnunuzi, wakili tunagawana. Msiniombe niandike milioni nane kwenye mkataba ili stempu ishuke. Siku ukigombana na mimi, mkataba huo utasema nilikuuzia kwa milioni nane.

Na msiniambie "nitabadilisha jina baadaye mzee, tunaaminiana". 2014 niliuza gari dogo kwa mtu ninayemfahamu, tukapeana mikono, kadi nikampa. Naye akamuuzia mwingine, huyo akamuuzia mwingine. Mwaka uliofuata nikapigiwa simu na polisi wa mkoa ambao sijawahi kufika: gari langu limegonga mtu na dereva amekimbia. Kwenye mfumo mwenye gari ni mimi. Ilinichukua miezi minne, nauli, na barua mbili za mwenyekiti wa kijiji. Yule aliyegongwa alipona, namshukuru Mungu. Tangu siku hiyo kupeana mikono kwangu kunakuja baada ya kadi.

Malipo yanafanyikaje?

Benki, kaunta, hela ihesabiwe na watu wa benki au ihamishwe nikiwa nimesimama pale. Ujumbe wa simu kwamba muamala umetumwa siuangalii. Ufunguo unatoka hela ikiwa imeonekana kwenye akaunti.

Niko Loitokitok, naweza kuinunua nikaivusha?

Kuinunua unaweza, kuisajili Kenya huwezi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Hata ukipitia Holili au Namanga jibu ni lile lile. Pole ndugu yangu, nimewajibu hivi watu sita.

Niko Arusha. Utaniletea niione?

Naweza kufika Boma Ng'ombe, tugawane njia. Lakini ikifika pale itakuwa ya moto, na umeshasoma hapo juu ninavyofikiri kuhusu injini ya moto. Lala Moshi siku moja, gesti hazikosi.

Naweza kuifanyia biashara ya mizigo?

Inafaa. Kubeba mizigo ya watu kwa malipo utahitaji leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hiyo utaifuatilia mwenyewe kwa jina lako.

Kama ni nzima hivyo, kwa nini unauza?

Goti la kushoto. Klachi ya gari hili ni nzito, na daktari ameniambia nichague. Ng'ombe nao nimewapunguza, amebaki mmoja, majani yake yanatosha hapa hapa kihambani.

Vitu gani vinaenda na gari?

Jeki yake ya chupa, spana ya tairi, tairi la akiba lenye nusu ya kashata (meno ya tairi), turubai la kijani, keria ya chuma, filta mbili za dizeli ambazo hazijafunguliwa, na zile kauntabuku. Kamba ya katani na mundu ulio nyuma ya kiti ni vyangu, nitavitoa. Ukivikuta nimesahau, nipigie.